Remington ya Wafaransa ni adimu kweli, lakini soma mihuri kabla ya kulipa

Swali: Assalaam alaikum. Mimi ni sajini mstaafu, naishi Bombo, Uganda. Kijana wangu anafanya kazi Pennsylvania na ameingiwa na hamu ya kukusanya bunduki za zamani zilizotengenezwa Marekani kwa ajili ya majeshi ya nchi nyingine wakati wa vita. Sasa ameonyeshwa Remington ya Wafaransa, ubavuni imeandikwa M'LE 1907-15, na mwenye nayo anataka pesa nyingi akisema zilitengenezwa chache mno. Picha nimekutumia. Je, ni adimu kama anavyosema? Tutajuaje kama haijachezewa? Na kwa kuwa babu zetu Wanubi walikuja huku na Remington mabegani, naweza kuileta Bombo niitundike sebuleni?

Jibu: Wa alaikum salaam, Afande. Nianze na hilo la mwisho, kwa sababu ndilo linaloweza kukuingiza mashakani: usiilete. Sababu nitazitoa huko mbele, ila nataka ulishike hilo kabla hujafurahia mengine, maana jibu la swali la kwanza litakufurahisha. Mwenye mali hakudanganya. Remington ya 1907-15 ni adimu. Lakini iliyo adimu ni modeli, na kijana wako hanunui modeli. Ananunua bunduki moja, hiyo iliyo kwenye picha, nayo ina mambo ya kuulizwa.

Mwaka 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, shida kubwa ya majeshi ya Ulaya ilikuwa bunduki kuliko watu. Urusi ilipeleka vitani askari wasio na silaha, wakaambiwa waokote za wenzao watakaoanguka. Uingereza ilikuwa imeita jeshi jipya la kujitolea ambalo viwanda vyake havikuweza kulipatia silaha. Ufaransa ilipoteza bunduki nyingi sana katika miezi ya mwanzo. Marekani haikuingia vitani hadi Aprili 1917, kwa hiyo viwanda vyake vilikuwa na zaidi ya miaka miwili ya kumuuzia yeyote mwenye fedha.

Wafaransa walianza kwa kununua kwa Remington ile bunduki ya risasi moja moja, ya umbo lilelile la miaka ya 1860, safari hii ikiwa na chemba (mahali risasi inapokaa) ya risasi ya Lebel ya milimita 8, ile ya jeshi la Ufaransa. Zilitoka takriban 100,000, wakapewa madereva, walinzi wa maghala na vikosi vya nyuma. Baadaye ikaja kandarasi kubwa: bunduki 200,000 za Kifaransa za bolti ziitwazo Berthier, modeli ya 1907-15, kwa ajili ya askari wa mstari wa mbele. Hiyo ndiyo ya kijana wako. Wakaguzi wa Ufaransa walizipima, hawakuridhika, wakazikataa. Kandarasi ikavunjika. Zilizokamilika hazikufika hata 10,000, na badala ya kwenda kwenye uwanja wa vita wa Verdun zikabaki Marekani zikauzwa kwa raia.

Kwa mkusanyaji, kukataliwa huko ndiko kunakoleta thamani, na hapa ndipo wengi wanaoanza hupotea. Wanasikia "kandarasi ya vita vya kwanza" wakadhani kila kitu chenye jina hilo ni dhahabu. Angalia Pattern 1914, bunduki ambayo Waingereza waliagiza kwa Winchester, Remington na kiwanda cha Eddystone, ambacho kilikuwa hukohuko Pennsylvania anakoishi kijana wako, nje kidogo ya Philadelphia. Zilitengenezwa zaidi ya milioni moja na laki mbili. Marekani ilipoingia vitani, viwanda hivyohivyo vikageuza umbo lilelile kuwa M1917, wakatoa zaidi ya milioni mbili. Ni bunduki nzuri na imara, lakini ya kawaida si adimu, na muuzaji anayekwambia ni adimu ama hajui ama anajua sana. Ndani ya hizo milioni, adimu ni chache zilizofuata njia ya peke yake. Mfano ni zile za Winchester zilizochaguliwa mwaka 1918 zifungwe darubini kwa ajili ya wadunguaji, kwa sababu Waingereza waliona kazi ya Winchester ni safi kuliko ya wenzake. Ukiishika huku umefumba macho haina tofauti na nyingine. Thamani iko kwenye mihuri.

Basi sheria yangu ya kwanza kwa kijana wako: kabla ya kuuliza zilitengenezwa ngapi, aulize hii moja iliagizwa na nani, ilipokelewa na nani, na mwisho ikaishia mikononi mwa nani. Bunduki ya kandarasi inabeba majibu hayo kwenye chuma na kwenye mbao, kama kitambulisho kilichogongwa mihuri ya kila mpaka. Majibu yakipingana, mtu kaingiza mkono.

Sasa picha zako. Ya tatu inaonyesha ubavu wa kushoto, jina la Remington na M'LE 1907-15. Herufi za chini zimekaa vizuri, zina kina na kingo kali. Za juu zimefifia. Chuma hakichakai hivyo chenyewe, kwa sababu mkono wa askari hausugui nusu ya neno. Hiyo ni dalili kwamba mtu alipitisha msasa au gurudumu la kung'arishia kisha akapaka rangi upya. Si kosa la kukataza ununuzi, lakini linashusha bei, na muuzaji hakulitaja.

Ya tano ndiyo iliyonisumbua. Ikuze, tazama mbao karibu na ile pete ya kati inayoshika mtutu. Mishipa ya mbao nyuma ya pete inakwenda sambamba na mtutu, imenyooka. Mbele ya pete inapinda kwenda chini, na rangi yake ni nyekundu kidogo. Mbao moja haiwezi kufanya hivyo ndani ya sentimita mbili. Pale chini ya pete pana kiungo. Nadhani ilikuwa hivi: baada ya vita mwindaji mmoja aliinunua kwa bei ya kutupa, akakata mbao ya mbele ili apate bunduki nyepesi ya kuwindia paa, kama wengi walivyofanya. Miaka mingi baadaye mwingine akagundua ana kitu cha thamani, akaunganisha kipande cha mbao kutoka Berthier nyingine, akaficha kiungo chini ya pete.

Kama ndivyo, swali linalofuata ni mtutu. Je, naye alikatwa? Kijana wako ahakikishe haina risasi, afunge bolti, ile komeo ya chuma inayoziba chemba, aingize ufito wa kusafishia kutoka mdomoni hadi ugote, aweke alama, autoe aupime. Inapaswa kuwa takriban sentimita 80. Ikiwa ni 60, wala asimalize mazungumzo, aage aondoke. Aangalie pia magazini. Kandarasi ilikuwa ya bunduki ya risasi tatu, ambayo chini yake ni laini, hakuna kitu kilichochomoza. Wafaransa walihamia kwenye risasi tano baadaye, na hizo zina kisanduku kinachotokeza chini. Remington yenye kisanduku hicho imebadilishwa.

Jambo jingine ambalo picha hazionyeshi ni herufi N juu ya mtutu. Katika miaka ya 1930 karakana za Ufaransa zilipanua chemba za bunduki hizi ili zikubali risasi mpya, nzito zaidi, zikagonga N. Ukiiona kwenye hii, jiulize bunduki iliyokataliwa na kubaki Marekani ilifikaje karakana ya Ufaransa miaka kumi na mitano baadaye. Kwa kawaida jibu ni kwamba mtutu umetoka kwenye bunduki nyingine. Vilevile, kama mtutu na mkono wa bolti vyote vina namba, lazima zifanane. Na akikuta zinafanana, aangalie kama tarakimu zimegongwa kwa patasi za aina moja. Kuna watu wanafuta namba ya bolti na kugonga ile wanayoitaka. Mkia wa 7 au tumbo la 3 huwaumbua.

Nikiwa mimi, kwa hali ninayoiona kwenye picha, nisingelipa hata nusu ya bei anayotaka. Kama mtutu ni mzima na namba ziko sawa, ningeinunua kama bunduki adimu iliyotengenezwa upya, kwa bei ya bunduki iliyotengenezwa upya, na ningetaka aandike hivyo kwenye risiti.

Kwa mtu anayeanza, kwa kweli, nisingemwanzisha na Berthier hata kidogo. Ningemwanzisha na Mosin, bunduki ya jeshi la Urusi, iliyotengenezwa Marekani. Warusi waliagiza milioni moja na nusu kwa Remington, na milioni moja na laki nane kwa kampuni ya New England Westinghouse, ndugu wa ileile Westinghouse ya mitambo ya umeme, iliyonunua kiwanda cha bunduki Chicopee Falls, Massachusetts, ili kutimiza kazi hiyo. Mapinduzi ya 1917 yakamwondoa mnunuzi. Kampuni zikabaki na shehena za bunduki zenye tai wa kifalme wa Urusi, hazina mwenyewe. Serikali ya Marekani ikanunua takriban 280,000 ili viwanda visifilisike, ikazitumia kufundishia askari wake, na nyingine zikaenda na Wamarekani waliopelekwa Arkhangelsk, kaskazini mwa Urusi, mwaka 1918. Fikiria askari kutoka Michigan yuko kwenye theluji ya Urusi na bunduki ya Kirusi iliyotengenezwa Massachusetts, akipigana na Warusi.

Nazipenda hizi kwa kufundishia macho. Kilengeo chake cha nyuma kimepimwa kwa arshini, kipimo cha zamani cha Kirusi, kila arshini ikiwa sentimita 71. Ukiona kilengeo cha mita, imepita mikononi mwa jeshi jingine, mara nyingi Finland, na hapo utafute herufi SA ndani ya kisanduku kidogo, alama ya jeshi la Finland. Ukiona muhuri wa bomu linalowaka moto, hiyo ilichukuliwa na serikali ya Marekani. Bunduki mbili zilizotoka kiwanda kimoja wiki moja, moja ikaenda Arkhangelsk na nyingine ikabaki ghalani, leo zina bei tofauti kabisa, na sababu ni vialama ambavyo ukucha wa kidole gumba unavifunika. Bado zinapatikana kwa wingi wa kutosha, kwa hiyo anayekosea hapotezi mali nyingi.

Na kiwanda hicho cha Chicopee Falls kinakugusa wewe kuliko unavyodhani. Katika vita vya pili kilikuwa chini ya Savage, kikatengeneza zaidi ya milioni moja ya Lee-Enfield No. 4 kwa ajili ya Waingereza, zikiwa na maneno U.S. PROPERTY kwa sababu zilitolewa kwa mkopo wa vita wa 1941, na namba zake zina herufi C ya Chicopee. Wazee wa KAR, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, wa kizazi cha vita vya Burma wakiona picha ya No. 4 hawahitaji maelezo. Adimu? Hapana. Lakini kwa mtoto wa mwanajeshi wa Uganda anayeishi Marekani, mimi ningeona ina maana kuliko Berthier ya mbao za kuunga.

Ukipenda vya kandarasi ambavyo kweli havionekani, kuna bunduki za Arisaka ambazo Wajapani walitengeneza kwa ajili ya Mexico, za risasi ya milimita 7, zenye nembo ya Mexico kwenye chemba. Rais Díaz aliondolewa madarakani mwaka 1911, zikafika chache sana, na zilizobaki, kama 35,000, Urusi ikazibeba mwaka 1914. Na kinyume chake, mwishoni mwa miaka ya 1930 Waitalia waliwatengenezea Wajapani bunduki 60,000 za risasi ya Kijapani. Hizo hazina lile ua la mfalme wa Japani juu ya chemba, na mara nyingi muuzaji asiyejua hudhani ua limefutwa, akauza kwa bei ndogo.

Sasa Remington za babu zenu. Hizo si ndugu wa Berthier hii kwa chochote isipokuwa jina la kampuni. Khedive Ismail, mtawala wa Misri, aliingia mkataba na Remington mwaka 1869 wa bunduki 60,000 za risasi moja moja. Vita vya Ufaransa na Prussia vilipolipuka 1870, nyingi ya hizo zikageuziwa njia zikaenda Ufaransa kabla Misri haijazipata, kwa hiyo hata wakati ule Wafaransa walikuwa wakipigania vya wengine. Misri ilipata zake baadaye, zikapanda Nile hadi Equatoria, jimbo la Misri la kusini kabisa, mikononi mwa askari wa gavana wake, Emin Pasha. Stanley, yule mvumbuzi, alipokuja kumtafuta kati ya 1887 na 1889 alipewa na Misri zaidi ya 500 za aina hiyo. Na Lugard, ofisa wa Kiingereza, alipofika kwa Kavalli, karibu na Ziwa Albert, mwaka 1891 kuwachukua Selim Bey na watu wake, askari wa Emin Pasha waliobaki nyuma, ndio hao wazee wenu waliokuja kuwa askari wa kwanza wa serikali ya kikoloni Uganda.

Ukiwahi kukutana nayo utaitambua. Unavuta nyundo nyuma kwa dole gumba, kisha unavuta kipande cha pili kilicho mbele ya nyundo, nacho kinabingirika nyuma na kuacha chemba wazi. Unaingiza risasi moja nene ya baruti nyeusi, unarudisha kipande mbele, na nyundo inapoanguka inakifunga kwa chini kisirudi. Hakuna bolti. Na kwenye zile za Misri, tazama kilengeo cha nyuma: tarakimu zake ni za Kiarabu. Wewe uliyesoma madrasa utazisoma moja kwa moja, wakati mnunuzi wa Pennsylvania anadhani ni mikwaruzo. Kwa sheria ya Marekani, bunduki iliyotengenezwa 1898 au kabla huhesabiwa kuwa ya kale na haina masharti ya shirikisho kama zile za baadaye. Kwa hiyo kama kijana anataka kumheshimu babu, Remington ya Misri ndiyo inayobeba historia yenu, wala bei yake haifikii ya Berthier safi. Asifyatue tu. Chuma cha miaka mia na hamsini hakidhaminiwi na mtu.

Tuje kwenye sheria, na hapa sipambi maneno. Kwanza upande wa huko: kijana wako yuko kwa karatasi gani? Sheria ya Marekani inakataza kwa ujumla mtu aliye kwa viza ya muda kumiliki bunduki au risasi. Kuna misamaha, kama wenye leseni halali ya uwindaji, lakini ni jambo la kumuuliza wakili kabla ya kugusa chochote, kwa sababu kosa hilo linaweza kumfungisha na kumfukuzisha nchini kwa pamoja. Mwenye ukaazi wa kudumu hana kizuizi hicho. Bunduki zilizozidi miaka 50 zina leseni yake maalumu ya mkusanyaji, na Berthier inaingia humo.

Kuitoa Marekani ni kibali kingine cha serikali yao. Tangu 2020 bunduki za namna hii ziko chini ya Wizara ya Biashara. Kuiingiza Uganda, unagonga Sheria ya Silaha ya 1970, ambayo haimruhusu raia kuwa na bunduki bila cheti cha polisi, na haisemi kwamba bunduki ikizeeka inageuka pambo. Juu ya hiyo kuna Sheria ya UPDF, jeshi la Uganda, ya 2005 inayohusu silaha ambazo kwa kawaida ni za jeshi peke yake. Unafahamu kuliko mimi mvutano uliokuwepo juu ya raia kushtakiwa mahakama ya kijeshi kwa makosa hayo, Mahakama ya Juu ikatoa hukumu Januari 2025, Bunge likarekebisha sheria mwaka huohuo. Sitaki jina lako liwe la kupimia marekebisho hayo. Berthier ilitengenezwa kwa ajili ya jeshi, ina mahali pa singe, inafyatua. Umwambie ofisa wa kizuizini Matugga, njiani kuja Bombo, kwamba ni historia, atakusikiliza akiwa tayari ameshaiweka kwenye gari. Na kuituma vipande vipande kwenye vifurushi, bolti mwezi huu na mtutu mwezi ujao, ndiyo njia mbaya kuliko zote, kwa sababu inaonyesha ulijua unachoficha.

Kama ndani ya ukoo wenu bado kuna bunduki ya mzee iliyochimbiwa au kuwekwa darini, usiisafishe, usiipige picha ya kuonyesha watu. Mwone mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa) na polisi mapema, uisalimishe kwa maandishi, na uombe waandike alama zake zote kwenye hati ya kupokelea. Hati hiyo itakuwa na thamani kwa wajukuu.

Bombo unaweza kukusanya mengine: picha za 4 KAR, medali na hati za kustaafu, mikanda ya ngozi na mifuko ya risasi, vitabu vya mafunzo vya jeshi. Singe iliyobaki ukutani nyumbani haina shida kubwa, lakini usisafiri nayo kwenye taksi. Na sauti za wazee. Ukimrekodi mzee mmoja akieleza aligawiwa bunduki gani, alama gani ilikuwa kwenye kitako, na walizirudisha vipi, umepata kitu ambacho hakuna mkusanyaji wa Pennsylvania anayeweza kukinunua.

Kwa sasa mwambie kijana asilipe hata arubuni. Atume picha nne: pete ya kati ikiwa imesogezwa mbele ili mbao ya chini yake ionekane, sehemu ya juu ya mtutu karibu na chemba, namba ya mkono wa bolti, na ufito wa kusafishia ukiwa kando ya futi. Muuzaji akikataa kusogeza pete, umeshapata jibu la swali lako la pili.